Kratos yuko sokoni, Mwindo wa Walikale bado

Mtoto wa Pinga anayetaka gari halinunui. Analitengeneza mwenyewe kwa waya, kipande cha kopo, na magurudumu yaliyokatwa kwenye kandambili iliyochakaa. Akitaka dereva, anachonga kijiti au anafunga majani makavu ya mgomba. Gari likiisha, wenzake wanalipima hapo hapo. Linakwenda sawa? Linakata kona? Litafika jioni bila kuvunjika?

Tokyo, Paris na New York, watu wazima wana kazi inayofanana na hiyo. Wanakusanya sanamu ndogo za mashujaa wa michezo ya video, zile zenye viungo vinavyokunjwa shingoni, mabegani, viwikoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu. Kampuni ya Max Factory ya Japani inatengeneza za aina ya figma, Bandai inatengeneza S.H.Figuarts, na NECA ya Marekani ina za kwake. Sanamu moja yenye urefu wa kiganja na nusu inauzwa kwa makumi ya dola. Wakusanyaji wana mizani yao, na mizani hiyo si ya ujinga. Wanatazama kama viungo vimekaza au vimelegea. Wanatazama kama mguu unasimama bila kuegemezwa, kama uso unafanana na wa shujaa mwenyewe, kama rangi imekaa vizuri ukingoni mwa nguo. Halafu wanauliza swali ambalo mtoto wa Pinga angeuliza la kwanza: ameshika nini mkononi?

Swali hilo lingestahili kuulizwa Walikale pia. Wilaya hiyo ina shujaa anayeweza kupita kwenye mizani yote hiyo, na hakuna duka lenye sanamu yake.

Kwanza tumtazame yule anayeuzwa. Kratos ni shujaa wa mchezo wa God of War, uliotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya mashine ya PlayStation ya Sony. Ni mpiganaji wa Sparta, mtoto wa Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki. Baba na mwana wanawindana, na katika God of War III ya mwaka 2010 mwana anamuua baba. Mwaka 2018 mchezo ukarudi, safari hii Kratos ana ndevu, ana shoka, na ana mtoto wa kiume ambaye hajui namna ya kuzungumza naye. NECA imetoa sanamu zake za nyakati zote mbili, ya hasira ya ujana na ya huzuni ya utu uzima. Ni kazi nzuri. Anayezitaka ana haki ya kuzitaka.

Sasa tumtazame yule asiyeuzwa. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alikuwa na wake saba, akatoa amri kwamba wazae wasichana tu; mtoto wa kiume angeuawa. Nyamwindo, mke aliyependwa kuliko wengine, akamzaa Mwindo, na mtoto hakutoka kwa njia ya kawaida bali kwenye kidole cha kati cha mamaye. Alizaliwa anacheka, anasema, anatembea. Ndiyo maana anaitwa Kabutwakenda, kazaliwa tu akaenda, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani sana kusikia neno hilo. Baba alimrushia mikuki, ikamkosa. Akaamuru azikwe hai, mtoto akatoka kaburini. Akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Ngoma ikaenda hadi kwa Iyangura, shangazi yake, aliyeolewa na Mukiti, nyoka mkuu wa maji.

Huyo ni shujaa wa Wanyanga, ambao nchi yao ni Walikale. Masimulizi yake huitwa karisi, na mwenye kuyaimba ni she-karisi. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, she-karisi Rureke aliimba, akasimulia, akacheza na kuigiza habari za Mwindo kwa siku kumi na mbili, huku Mbelgiji Daniel Biebuyck na wenzake Wanyanga wakiandika. Mmoja wa walioifanya kazi hiyo ni Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Kitabu kilitoka mwaka 1969 katika chapa ya Chuo Kikuu cha California, Kinyanga na Kiingereza. Wanafunzi wa Marekani wanakisoma darasani hadi leo. Mtoto wa Pinga atakipata wapi?

Swali si la kulaumu walioandika. Bila wao huenda sauti ya Rureke ingepotea. Lakini karisi ilihitaji jioni tulivu, watu waliokusanyika, mtu mwenye kumbukumbu na kengele za miguuni. Njia ya Kalembe kwenda Pinga imewaona watu wakikimbia na mizigo kichwani mara nyingi kuliko ilivyowaona wakikaa jioni kusikiliza. Familia inayohama mara tatu katika mwaka mmoja haibebi masimulizi ya siku kumi na mbili. Inabeba sufuria, godoro, na simu ya kijana. Ndani ya simu hiyo mna michezo, na ndani ya michezo mna mashujaa wa watu wengine.

Hapa kuna jambo la kuchekesha, kwa kicheko kichungu. Mashine za kuchezea michezo hiyo zinaunganishwa ndani kwa bati, na sehemu ya bati la dunia, takriban asilimia 6 ya linalochimbwa, inatoka Bisie, huko huko Walikale. Machi 2025 M23 waliposogea na kuingia Walikale-kati, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi ya mgodi, na wafanyabiashara wa bati wa mbali wakashtuka. Mwezi uliofuata kazi ikaanza tena. Dunia inajua kuitafuta Walikale kwenye ramani inapohitaji kasiterite. Haijawahi kuitafuta kwa ajili ya shujaa.

Basi Mwindo apimwe kwa mizani ile ile ya wakusanyaji, bila kupendelewa.

Vifaa: alizaliwa navyo. Mkono wa kulia ameshika conga, usinga wa mkia wa nyati. Mkono wa kushoto ana tezo. Begani ana mfuko wa Kahindo, roho ya baraka, na ndani yake mna kamba ndefu. Mtengenezaji wa sanamu hana haja ya kubuni lolote.

Mavazi: alipokwenda kwa wajomba zake, Wayana, ambao ni popo na wahunzi, walimvika chuma, viatu, suruali, shati na kofia. Yeyote anayekusanya sanamu anajua maana ya shujaa mwenye vazi la pili la vita. Ndilo toleo linaloisha kwanza dukani.

Viungo: she-karisi huigiza huku akicheza, kwa hiyo sanamu ya Mwindo isiyoweza kuinua bega na kukunja kiuno haifai. Na lazima magoti yakunjike, aweze kukaa. Sababu yake ni mwisho wa hadithi, na hapo ndipo Mwindo anapompita Kratos mbali.

Mwindo naye anakwenda kumpiga baba yake. Nkuba, mwenye radi, anaiteketeza Tubondo. Shemwindo anang'oa mzizi wa kikoka na kutorokea chini ya ardhi, kwa Muisa, na mwana anamfuata huko. Anapewa majaribu, anapigwa, anainuka, anashinda, anampata baba. Lakini hamuui. Anamrudisha nyumbani. Baada ya hapo, wale wote waliokufa Tubondo wanapigwa kwa conga, mmoja mmoja, na wanafufuka. Viti vitatu vinaombwa kwa Nkuba kutoka mbinguni, wanakaa baba, shangazi na mwana, na mbele ya watu wote Shemwindo anakiri alichofanya. Iyangura anamkaripia ndugu yake waziwazi. Mwindo anasema hana kinyongo. Nchi inagawanywa, mlima huu wa baba, mlima ule wa mwana, na hakuna anayefukuzwa.

Kifaa cha Kratos kinakata. Cha Mwindo kinafufua. Katika rafu nzima ya sanamu za mashujaa wa michezo, ni vigumu kupata mkono ulioshika kitu cha kuwarudishia adui uhai. Mahali ambapo mtoto anajua sauti ya bunduki kabla ya kujua kusoma, tofauti hiyo si ndogo. Mtoto hucheza kile alichopewa mkononi. Akipewa bunduki ya plastiki, mchezo unajulikana mwisho wake. Akipewa usinga unaofufua, lazima mtu mwingine akubali kulala chini, na lazima ainuke tena.

Kuna watakaosema kwamba Pinga inahitaji unga, dawa na barabara kabla ya sanamu. Ni kweli, na hakuna anayebishana na unga. Ila watoto hawangojei vita viishe ndipo wacheze. Wanacheza leo, hata kambini, na wanacheza na kitu fulani.

Pingamizi zito zaidi ni lingine. Pinga ni ya Wanyanga, Wahunde, Wakobo, Wahutu na wengine. Miaka ya 2012 na 2013 mji huo uligombaniwa na NDC ya Sheka, iliyojiegemeza kwa Wanyanga, na APCLS ya Janvier, iliyojiegemeza kwa Wahunde, na waliolipa ni raia wa pande zote. Sheka alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mwaka 2020, lakini hukumu haifuti kumbukumbu ya jirani. Katika mji wa namna hiyo shujaa wa kabila moja anaweza kugeuzwa bendera kwa muda wa wiki moja. Kijana mwenye silaha anaweza kumvaa Mwindo kama alivyovaa hirizi. Hofu hiyo ina msingi, na anayeipuuza haijui Pinga.

Jibu lake limo ndani ya karisi yenyewe. Mwindo asitengenezwe peke yake. Sanduku moja, sanamu tatu, Mwindo, Shemwindo na Iyangura, pamoja na viti vyao, na zisiuzwe mbalimbali. Mtoto anayempata mwana ampate na baba aliyekosa na shangazi aliyesema ukweli mbele ya watu. Wakusanyaji wa ng'ambo hununua shujaa na kumwacha adui dukani. Hapa sheria iwe kinyume. Na iongezwe sehemu ambayo wapenda vita huiruka. Baada ya kutawala, Mwindo alimuua Kirimu, joka la msituni, na Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba. Nkuba akamchukua juu, akamzungusha kwenye mvua, jua, mwezi na baridi hadi kiburi kikamtoka. Shujaa aliyepewa adhabu na kurudi nyumbani kimya si bendera rahisi ya kundi lolote.

Wenye neno la mwisho ni wazee wa Wanyanga, kwa kuwa karisi kwao si hadithi ya kupitisha muda tu, ni roho pia. Huenda wakasema uso wa Mwindo usichongwe, na wakisema hivyo waheshimiwe. Huenda pia wakasema achongwe, lakini si na kampuni ya mbali itakayoandika jina lake kwenye sanduku kama mali yake. Cameroon imeonyesha kwamba njia ipo. Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa mchezo wake, Aurion, mwaka 2016, wenye mashujaa waliobuniwa na Waafrika wenyewe, na haikungoja ruhusa ya Japani wala Marekani.

Pinga haihitaji kuanza na kiwanda. Fundi seremala anayechonga mguu wa kiti anaweza kuchonga mguu wa mtu. Viungo vinaweza kufungwa kwa mpira unaopita ndani ya mwili wa sanamu, kama wanasesere wa bei kali wa Ulaya na Japani wanavyofungwa, na mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki haukosekani Kivu. Vazi la chuma litoke kwenye kopo. Ndani ya sanduku iwekwe karatasi moja yenye kisa kimoja, upande mmoja Kinyanga, upande wa pili Kiswahili, ili mwalimu wa shule ya msingi awe na cha kusoma na mtoto Mhunde awe na cha kuuliza nyumbani.

Fundi huyo atakutana na ugumu mmoja ambao NECA haikuupata. Kratos amekunja uso kwenye kila sanduku, na uso uliokunjwa ni rahisi kuchonga, mistari miwili juu ya macho inatosha. Mwindo alizaliwa anacheka. Mdomo wake itabidi uchongwe wazi, kwa kisu chembamba, kwenye kipande cha mti kisichozidi ukubwa wa yai.