Usinunue Prosesa Kabla ya Kufungua Kasha

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alidunduliza pesa muhula mzima akanunua prosesa ya mtumba. Iliingia soketini sawasawa, lakini kompyuta haikuwaka. Pesa hazikurudi.

Mpenzi msomaji, kuingia si kukubaliwa. Prosesa za Intel za kizazi cha 8 zilizotoka 2017 zina soketi ya 1151 kama za kizazi cha 6 za 2015, ila madabodi za 2015 hazizitambui.

Mwenye madabodi ya AMD ya soketi ya AM4 ana nafuu. Nyingi hupokea Ryzen 5 5600G ya 2021, isiyohitaji kadi ya picha, mradi BIOS isasishwe kwanza. Memori ya DDR4 hubaki ileile. AM5 hudai madabodi mpya na memori ya DDR5.

Basi fungua kasha, andika jina la madabodi, tazama orodha ya mtengenezaji, ndipo utoe pochi.