Mlango Una Pande Mbili

Wapo Waingereza wasemao kuwa, nchi yao ilipojitenga na Umoja wa Ulaya, uhuru uliokoma ni wa wageni tu. Hoja hii ni nyepesi kama pumba, na yastahili kupepetwa. Uhuru wa kwenda na kukaa haukuwa mali ya wageni peke yao. Ulikuwa haki ya kila raia wa Uingereza pia. Aliweza kuhamia Paris au Madrid, akafanya kazi huko na kulea watoto, bila kuomba kibali. Mlango una pande mbili: aufungaye ili jirani asiingie, naye amejifungia ndani.

Kura ilipigwa tarehe 23 Juni, 2016. Katika kila wapiga kura 100, 52 walitaka kutoka na 48 walitaka kubaki. Nchi ilitoka tarehe 31 Januari, 2020, na uhuru huo ukakoma mwaka ule ulipokwisha. Tangu hapo Mwingereza aendaye matembezi katika nchi za Schengen hukaa siku 90 tu katika kila siku 180. Akitaka kazi, hana budi kufuata sheria ya kila nchi. Iliyokuwa haki imekuwa hisani, na hisani hupimwa kwa kibaba cha mtoaji.

Yasemwa kuwa huo ulikuwa uamuzi wa wengi, na wengi wape. Na iwe hivyo. Lakini ni nani aliyelipa? Mapatano ya kujitenga yaliwalinda Waingereza waliokwisha kufanya makazi Ulaya kabla ya mwaka 2020 kwisha. Mzee aliyestaafu Hispania hakufukuzwa. Lakini vijana wa miaka 16 na 17 hawakuruhusiwa kupiga kura, na watoto hawakuulizwa; hao ndio waliorithi hasara. Ni sawa na mtu auzaye shamba la ukoo baada ya kuvuna fungu lake.

Tena hasara haikuwaangukia wote sawasawa. Mwenye babu au bibi aliyezaliwa Ayalandi aweza kujipatia uraia wa nchi hiyo, akavuka kama zamani. Asiye na nasaba hiyo husubiri kibali. Usawa wa raia umegeuka bahati ya kuzaliwa.

Je, lililotakiwa, yaani kupungua kwa wahamiaji, lilipatikana upesi? La. Mwaka 2022 walioingia Uingereza waliwazidi waliotoka kwa watu zaidi ya 700,000, na wengi wao walitoka nje ya Ulaya. Mnunuzi alitoa thamani kamili, wala bidhaa hakuipata mwaka huo.

Hapana akataaye kuwa taifa lina haki ya kulinda mipaka yake. Linalokataliwa ni kuita hasara faida. Uhuru hupotea kwa kura kama upoteavyo kwa upanga. Tofauti ni kwamba aupotezaye kwa kura huambiwa ashangilie.