Jembe la Mgeni Mjini



Tumezoea kusema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika hoteli ya mjini jembe hutolewa siku ya kwanza, nalo ni bei.

Nilimsindikiza shangazi yangu kutoka hapa Msamala hata Dar es Salaam, kutibiwa kwa mionzi katika Hospitali ya Ocean Road. Basi lilitushusha usiku Mbezi Louis, katika Stendi ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021. Toka hapo hata katikati ya mji ni mwendo mrefu. Tulipofika shangazi alikuwa amechoka kabisa, nikaingia hoteli ya kadiri: vitanda viwili, feni, chandarua, bafu ndani. Nikatajiwa bei, nikaikubali. Kuuliza zaidi niliona aibu. Nikaandika majina katika kitabu cha wageni, nikapandisha mizigo.

Asubuhi, kumbe! Bei ile ilikuwa ya mtu mmoja, na chai tuliyokunywa ilihesabiwa mbali. Fedha yangu haikutosha. Shangazi hakunilaumu. Alifungua pindo la kanga, akahesabu polepole fedha ya dawa. Hilo liliniuma kuliko lawama.

Basi, msomaji, ukipeleka mgonjwa mjini, uliza kabla ya kuandika jina: Bei ni ya chumba au ya mtu? Chai imo? Kesho tutoke saa ngapi? Kione chumba kwanza, na ukilipa udai stakabadhi. Karani akinuna, mwache anune. Kuuliza si ujinga. Aibu yangu ililipwa na mgonjwa.