Uvimbe Umepungua kwa Milimita Ngapi?

Mwaka 1976, madaktari 16 wa saratani nchini Marekani walipewa kazi iliyofanana na mchezo wa watoto. Tufe 12 ngumu zilipangwa juu ya godoro laini, zikafunikwa kwa sponji, na kila daktari akaambiwa azipapase na kuzipima kama anavyopima uvimbe wa mgonjwa. Waliobuni jaribio hilo, Charles Moertel na James Hanley, walikuwa wametega mtego: baadhi ya tufe zilikuwa na ukubwa uleule. Vipimo vilitofautiana hata hivyo, vingine kwa kiasi ambacho mgonjwa halisi angeambiwa dawa imefanya kazi. Hakuna kilichokuwa kimepungua.

Toleo hili linahusu skani ya CT, mashine iliyowapunguzia madaktari kazi ya kupapasa. Hoja yake ni moja. Kabla hospitali haijavutwa na programu za kubashiri nani atapona, ihakikishe kwanza kwamba inapima sawasawa kile ambacho mashine yake inaonyesha leo.

Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya CT alilazwa kwenye mashine tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwanamke huyo alishukiwa kuwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Mhandisi wa kampuni ya EMI, Godfrey Hounsfield, alikuwa ameunda mtambo uliopitisha eksirei kichwani kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta ikakokotoa kila nukta imezuia mionzi kiasi gani. Picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80 tu, lakini uvimbe ulionekana, na daktari wa upasuaji alipofungua fuvu akaukuta palepale. Mwaka 1979 Hounsfield aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria tatizo hilohilo mwaka 1956 akiwa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town.

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba kila nukta ya CT ni namba. Maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mafuta yako chini kidogo ya sifuri, na mfupa unafika mamia na zaidi. Weusi na weupe tunaouona kwenye picha ni namba hizo zilizopakwa rangi.

Ili vipimo vya ukubwa wa uvimbe navyo viwe na maana moja kila mahali, watafiti wa saratani walikubaliana kanuni mwaka 2000, wakazirekebisha mwaka 2009. Zinaitwa RECIST. Daktari huchagua uvimbe usiozidi mitano, na usiozidi miwili katika kiungo kimoja, kisha hujumlisha vipenyo vyake virefu. Tuseme mgonjwa ana uvimbe wa milimita 40 kwenye pafu na mwingine wa 30 kwenye ini: jumla 70. Baada ya miezi miwili ya dawa vinasoma 26 na 21, jumla 47. Upungufu umevuka asilimia 30, kwa hiyo uvimbe unahesabiwa kuwa umeitikia tiba. Lau vingesoma 32 na 24, upungufu ungekuwa asilimia 20, na ugonjwa ungeandikwa kuwa umetulia tu. Ripoti inayosema “uvimbe umepungua kidogo” haimwezeshi daktari wa tiba kufanya hesabu hii.

Hata rula ina mipaka yake. Dawa ya imatinib ilipoanza kutumika kwa aina fulani ya uvimbe wa tumbo na utumbo, ilionekana kwamba uvimbe ungeweza kubaki na ukubwa wake kwa wiki kadhaa huku ndani ukifa. Kilichoshuka ni zile namba za nukta. Mwaka 2007, Haesun Choi na wenzake wa Houston walionyesha kuwa kwa saratani hiyo, namba zikishuka kwa asilimia 15, au ukubwa kwa asilimia 10 tu, dawa imeshika. Dawa zinazoamsha kinga ya mwili zilileta mkanganyiko mwingine: uvimbe unaweza kufura kwanza, kisha ukanywea. Ndiyo maana kanuni za mwaka 2017 zinamtaka daktari arudie skani baada ya wiki nne hadi nane kabla ya kutangaza kwamba tiba imeshindwa.

Hapo ndipo akili mnemba ilipoingia kwa kishindo. Mwaka 2014 Hugo Aerts na wenzake walichambua sifa 440 katika picha za wagonjwa 1,019 wa saratani za mapafu, kichwa na shingo, wakasema umbile la ndani la uvimbe linabashiri nani ataishi muda mrefu. Miaka mitano baadaye, watafiti wa Toronto walizichanganya nukta za ndani ya uvimbe kama anayechanganya karata, kisha wakaendesha ubashiri upya. Ulibaki vilevile. Kilichokuwa kikibashiri, kwa sehemu kubwa, ni ujazo wa uvimbe, jambo ambalo vipimo vya kawaida vingelisema.

Jaribio hilo halikuua taaluma ya kubashiri kwa picha, liliifunza adabu. Adabu hiyo inahitajika zaidi Afrika Mashariki. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011, uliohusisha watu 53,454 waliovuta sigara sana, ulithibitisha kwamba CT ya mionzi midogo hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20. Ila zaidi ya tisa kati ya kila alama kumi zilizotiliwa shaka hazikuwa saratani. Nchini Tanzania na Kenya, ambako kovu la kifua kikuu linaweza kufanana na uvimbe, programu iliyofunzwa kwa picha za wavuta sigara wa Marekani lazima ijaribiwe kwa vifua vya hapa kabla ya kuaminiwa, na mgonjwa bado atahitaji kuchukuliwa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara.

Wakati majaribio hayo yakisubiriwa, kuna ya kufanya bila kununua kitu. Madaktari wa mionzi waandike milimita. Hospitali zitunze picha za awali na kurudia skani kwa utaratibu uleule. Na msomaji mwenye mgonjwa nyumbani asiitupe CD ya skani ya kwanza. Aende nayo kila kliniki, kwa sababu bila hiyo skani ya pili haina cha kulinganishwa nacho.