Atajaye Tapeli Apewe Haki Yake

Wizi umebadilika sura. Zamani mwizi alivunja dirisha usiku, akaogopa mbwa, akaogopa majirani. Mwizi wa leo hana haja ya kutoka kitandani. Ana simu ya mkononi na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na kabla jua halijapanda amekwisha kubisha hodi katika nyumba mia. Huyu humwandikia, "Ile hela itume kwenye namba hii." Yule humwambia kuwa yeye ndiye mwenye nyumba, amebadilisha namba, kodi itumwe huku. Kwa mzazi hujifanya mwalimu, akasema mtoto amezidiwa shuleni na fedha ya hospitali yatakiwa upesi. Mwingine hudai kwamba amekosea kutuma fedha, naye aomba arudishiwe, hali fedha yenyewe haikupata kutumwa.

Na ni nani anayeibiwa? Ni mkulima aliyelipwa korosho zake jana. Ni mama lishe ambaye mtaji wake wote umo katika simu. Ni mzee aliyestaafu, ambaye macho yake hayasomi vizuri maandishi madogo. Mabwana wakubwa wana makarani na mawakili wa kuwalinda. Mnyonge ana macho yake na akili yake, basi.

Leo twataka kusema jambo moja, na twalisema wazi. Mwananchi anayepeleka taarifa ya ujumbe wa kitapeli anafanya kazi ya ulinzi. Kazi hiyo inawafaidia wenzake, na zaidi ya hapo inawafaidia makampuni ya simu. Kwa hiyo astahili kutuzwa, na mwenye kutoa tuzo hiyo awe ni kampuni.

Silaha Ipo, Watumiaji Wachache

Hatusemi kwamba Serikali imelala. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na mwaka 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Mwananchi akibonyeza *106# ataona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiikuta asiyoijua atajua kwamba kuna mtu amelivaa jina lake. Tena Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, imetoa namba 15040. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, waupeleka huko pamoja na namba ya aliyeutuma.

Silaha ipo, lakini rungu lililotundikwa ukutani haliui nyoka. Tujiulize wenyewe: katika sisi tunaosoma gazeti hili, ni wangapi walioufuta ujumbe wa tapeli, wakacheka, wakaendelea na kazi zao? Aliyeugundua uongo huona yeye amepona, basi yamekwisha. Aliyetapeliwa huona haya, hataki hata mkewe ajue. Na yule mmoja aliyejitahidi kutoa taarifa hakujua kilichofuata. Hakujua kama namba imefungwa, hakujua kama mwizi ametafutwa. Mara ya pili hajisumbui.

Huo ndio ufa ambao mwizi apitia. Tapeli hamwandikii mtu mmoja. Ujumbe ule ule huutuma kwa watu wengi, akijua kwamba tisini na tisa wakikataa, wa mia atakubali. Na fedha ikishatumwa, dakika chache zatosha kuitoa kwa wakala, ikapotea kabisa. Kwa hiyo taarifa ya yule wa kwanza, ambaye hakudanganyika, ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Akiitoa saa ile ile, namba yaweza kufungwa kabla wa mia hajasoma ujumbe wake. Akiifuta, amemwacha jirani yake gizani.

Ada ya Fedha ya Wizi

Fedha ya simu ilianza kwetu mwaka 2008, na leo ndiyo benki ya mtu wa kawaida. Hatuilaumu huduma hiyo. Imemwondolea mkulima safari ndefu ya kwenda mjini na hatari ya kubeba fedha kibindoni. Lakini tusisahau jinsi makampuni yanavyopata mali yake. Fedha ikitumwa, ada hukatwa. Fedha hiyo ikitolewa kwa wakala, ada hukatwa tena. Mashine haiulizi kama fedha ni ya halali au ya haramu. Mama lishe aliyetapeliwa amemlipa mwizi, na juu yake ameilipa kampuni kwa kumpelekea mwizi fedha zake!

Huu si uungwana. Mwenye soko akitoza ushuru wa meza, ni wajibu wake kuweka mlinzi sokoni. Haiwezekani achukue ushuru, halafu wenye meza ndio wakeshe usiku kumlindia soko bila hata kikombe cha chai. Mwananchi anayepeleka taarifa ndiye mlinzi huyo. Macho yake yaona kile ambacho mitambo yaweza kukikosa, maana mtambo haujui kwamba mwenye nyumba wako ni mwanamke, au kwamba mtoto wako hajaanza shule. Wewe wajua. Ujuzi huo ni mali, na mali ya mtu haichukuliwi bure.

Wala si jambo geni katika sheria zetu. Mwaka huo huo wa 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, nayo imeweka njia ya kuwatuza na kuwafidia wanaofichua uhalifu. Ikiwa Taifa limekubali kwamba anayefichua rushwa na ubadhirifu aweza kutuzwa, kwa nini anayefichua wizi wa simu aachwe mikono mitupu?

Hofu Tatu

Wapo ndugu zetu watakaotupinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza watasema: wajibu hauna malipo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kutoifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo; je, leo tumlipe mtu kwa kumwokoa jirani yake? Twajibu kwamba hatutaki mtu aifanye kazi hii kuwa ajira. Twataka tuzo ndogo, mathalani muda wa maongezi, ambayo ni alama ya heshima. Tena hatuiombi katika kodi ya wananchi. Twaidai kwa yule anayekata ada. Mtu akijitolea kwa ajili ya kijiji chake, huko ni kujitegemea. Akijitolea kwa ajili ya faida ya kampuni, huko ni kunyonywa.

Wa pili watakumbuka siku za mkoloni, wakati vibaraka walipopeleka maneno kwa Bwana Shauri wakapewa vijizawadi. Watasema msitufanye taifa la wapelelezi. Nasi hatutaki. Lakini tofauti ni kubwa kama mchana na usiku. Kibaraka alimsaliti mwenzake anayedai haki. Anayetuma taarifa kwa 15040 hasemi jirani yake kala nini wala kahudhuria mkutano gani. Apeleka ujumbe alioletewa yeye mwenyewe, na ujumbe huo ndio ushahidi. Hata hivyo ulinzi wapaswa kuwekwa: jina la mtoa taarifa liwe siri, namba isihukumiwe kwa neno la mtu mmoja tu, na mwenye kutunga uongo ili kumkomoa adui yake ashtakiwe.

Wa tatu watasema kwamba fedha itazaa ujanja. Hao wana haki kabisa, na historia yawaunga mkono. Mwaka 1902 wakoloni wa Kifaransa katika mji wa Hanoi, huko Vietnam, walitaka kumaliza panya, wakatangaza malipo kwa kila mkia utakaoletwa. Mikia ikaletwa kwa maelfu. Baadaye wakaonekana panya wakikimbia mjini bila mikia! Watu walikata mkia wakamwacha panya azae, na wengine wakafuga panya kwa ajili ya biashara. Mkoloni alilipa mikia, na panya wakabaki.

Funzo hilo tulishike. Tukilipa kila ujumbe unaopelekwa, kesho tapeli atamwandikia binamu yake, binamu atatoa taarifa, nao watagawana. Kwa hiyo tuzo isilipwe kwa idadi ya taarifa. Ilipwe pale tu uchunguzi utakapothibitisha kwamba namba ile ni ya kitapeli nayo ikafungwa. Ipewe kwa wale wa kwanza kuitaja, iwe ndogo kiasi cha kutomvutia mwenye kutaka kuchuma, na kila kitambulisho kiwe na ukomo wake kwa mwezi. Tulipe panya aliyekufa, tusilipe mkia.

Hata Katika Maofisi

Msidhani kwamba hatari hii ni ya wenye simu ndogo peke yao. Katika maofisi mwizi huja kwa barua pepe. Mwaka 2015 wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh, nchi maskini kama yetu, waliletewa barua pepe za mtu aliyejifanya anatafuta kazi. Kwa njia ya barua kama hizo wezi wakaingia katika mitambo ya benki, wakajificha humo kwa muda mrefu. Februari 2016 walitoa maagizo ya kuhamisha karibu dola milioni 951 za Taifa lile. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 zilikwenda Ufilipino. Dola milioni 20 nyingine zilizopelekwa Sri Lanka ziliokolewa kwa kuwa neno moja la Kiingereza liliandikwa vibaya, na mtu akalitilia shaka akauliza.

Tazameni basi thamani ya mtu mmoja anayetia shaka na kuuliza! Na tujiulize, karani wetu katika halmashauri au katika chama cha ushirika akiona barua ya ajabu, je, ana mahali pa kuipeleka? Akiipeleka, atashukuriwa, au ataambiwa ampotezea mkubwa wakati? Na ikiwa amekwisha kuifungua kwa bahati mbaya, je, atasema mapema, au atanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa? Mahali ambapo mkweli huadhibiwa, mwizi ana muda wa kutosha. Karani anayesema upesi apongezwe mbele ya wenzake, hata kama kosa la kufungua barua ni lake.

Tunalolidai

Basi twaidai Serikali yetu, kupitia TCRA, iyaagize makampuni ya simu mambo haya. Kwanza, kila anayetoa taarifa ajibiwe: taarifa yako imefika, na baadaye aambiwe kwamba namba uliyoitaja imefungwa, au haikupatikana na kosa. Jibu hilo halina gharama kubwa, nalo kwa wengi litakuwa tuzo ya kutosha, maana mtu hupenda kujua kwamba jasho lake halikumwagika bure. Pili, iwekwe tuzo ya muda wa maongezi kwa taarifa zilizothibitishwa, kwa masharti tuliyoyataja. Tatu, ada iliyokatwa katika fedha iliyothibitika kuwa ya wizi isibaki katika hesabu ya kampuni. Irudishwe kwa aliyeibiwa, na asipopatikana iingie katika mfuko wa kuwatuza walinzi hawa. Kampuni ikijua kwamba haitafaidika hata senti kwa wizi, itautafuta wizi kwa macho yote mawili.

Lakini tusikae tukingoja makampuni. Sisi wanachama tuna kazi yetu. TANU ilipounda mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, ilitaka pasiwe na nyumba isiyo na mwenzake. Mashina hayo yanafaa leo kuliko jana. Balozi katika mkutano wake atenge muda mfupi asome ujumbe wa kitapeli ulioingia shinani wiki ile, ili wazee wausikie na vijana wauonyeshe jinsi ya kuupeleka 15040. Kila mmoja aangalie namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Na aliyetapeliwa asichekwe. Anayemcheka amsaidia tapeli kunyamazisha shahidi.

Umoja ndio uliotupatia Uhuru, nao haukununuliwa kwa tuzo. Tutawalinda wenzetu hata pasipo malipo, kwa kuwa ni wenzetu. Lakini makampuni yasiigeuze hisani yetu kuwa mtaji wake. Leo jioni, ujumbe wa tapeli ukiingia katika simu yako, usiufute. Upeleke. Na kesho tuidai kwa sauti moja haki ya aliyeupeleka.

Uhuru na Kazi!