UFUNDI NYUMBANI: Ishara za Land Rover Kuukuu Zivurugikapo Baada ya Kuongezwa Taa
Land Rover za Series III zilitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985, na nyingi bado zafanya kazi. Wenyewe hupenda kuziongezea taa: ishara za ubavuni, taa za ukungu, au taa za trela. Siku ya pili yake ishara za kugeukia huanza vituko. Mara zapepesa mbio mbio, mara zawaka bila kuzimika, mara ya kulia ikiwashwa, ya kushoto nayo huitikia. Dereva anayefuata nyuma usiku hawezi kujua gari lageukia wapi, na wanaoketi upande wa nyuma mara nyingi huwa watoto.

Kwanza ifanywe hesabu. Balbu ya ishara ni ya wati 21, nayo kwa volti 12 hula ampea 1.75. Mbili za upande mmoja hula 3.5, trela likileta ya tatu, hufika 5.25. Flasha ya asili, kile kikopo kidogo kilichojificha nyuma ya dashibodi, iliundwa kwa balbu mbili. Katika flasha za aina ya joto mna bapa la metali mbili linalopashwa moto na mkondo huo huo, likapinda na kuukata, likapoa na kurudi. Mzigo ukizidi, bapa hupata moto upesi, na taa hupepesa kwa haraka. Balbu moja ikiungua, au zikiwekwa za LED ambazo hula umeme kidogo mno, bapa halipati moto wa kutosha, na taa hubaki imewaka tu. Dawa ni flasha ya elektroniki iliyoandikwa kuwa yaweza kubeba mzigo wote. Ikishafungwa, saa ishikwe mkononi: mipepeso iwe kati ya 60 na 120 kwa dakika.

Lakini fundi asikimbilie duka. Mara nyingi mkosaji ni ethi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma. Vikutanapo penye unyevu, huliwa na kutu, na taa mpya iliyokazwa juu ya rangi haipati njia ya kurudishia umeme. Hapo umeme hujitafutia njia kupitia balbu jirani, ndipo taa ndogo ya nyuma huonekana ikipepesa pamoja na ishara. Kipimo chake ni rahisi: waya mmoja ushikishwe kwenye kikombe cha balbu na kwenye ncha ya ethi ya betri. Ugonjwa ukiisha, basi pasuguliwe msasa hadi metali ing’are, pakazwe, papakwe grisi.

Magari mengine ya kale yana taa moja tu ya kijani kwenye dashibodi, iliyofungwa kati ya pande mbili, ikitumia balbu za upande wa pili kama ethi. Zikiwekwa LED, mkondo huo mdogo watosha kuziwasha, na pande zote hupepesa. Taa hiyo yapasa kupewa ethi yake yenyewe, na diodi mbili, moja kwa kila upande.

Mwenye Land Rover iliyotengenezwa kabla ya 1967 atazame betri kabla ya kununua chochote. Nyingi za wakati ule ethi yake ni ncha chanya. Balbu ya kawaida haijali. LED na flasha ya elektroniki hujali sana.

Taa za ukungu zisidowee kamwe waya wa ishara. Zipewe rilei na fyuzi zake.