Asili ya Kidonge Ielezwe Mlangoni

Katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, ikiwamo kata ya Chuno, matende na mabusha si ugonjwa wa kusimuliwa. Kingatiba inayogawiwa wananchi ni ivamektini pamoja na albendazoli. Mgawadawa anapobisha hodi, mwenye nyumba ana haki ya kuuliza dawa hiyo imetoka wapi, na jibu la kwamba imeletwa na Serikali halitoshi. Anayetakiwa kumeza kidonge anastahili kujua asili yake.

Ivamektini ilianzia udongoni. Katika miaka ya 1970, Satoshi Ōmura alitenga bakteria wa jamii ya Streptomyces kutoka udongo wa Japani. Huko Marekani, William Campbell na wenzake wakathibitisha kwamba kemikali ya bakteria huyo, avamektini, huua minyoo. Wakemia waliibadilisha kidogo tu, ikawa ivamektini. Mwaka 2015 wanasayansi hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo huiunda avamektini kwa protini kubwa nne zenye vituo 12. Kila kituo hupokea mnyororo wa kaboni, huuongezea kipande, hukirekebisha inapobidi, kisha huukabidhi kwa kituo kinachofuata. Mithili ya kiwanda cha korosho, ambamo mmoja hubangua, mwingine humenya, na mwingine hupanga madaraja.

Kiwanda hicho hakikutokea kwa siku moja. Vituo vyake vina undugu wa wazi na vimeng'enya ambavyo viumbe hutumia kutengeneza asidi za mafuta. Jeni zinaponakiliwa, kipande huweza kurudiwa mara mbili. Nakala ya pili ikibadilika, kituo kipya hupatikana. Vipande vinavyofanana huweza kubadilishana nafasi, na bakteria hupeana jeni hata wasipokuwa wa ukoo mmoja. Badiliko lenye kudhuru hupotea, lenye kufaa hudumu. Ndivyo mpango huo wa kale ulivyozaa ndugu wengi: avamektini, erithromaisini yenye vituo sita, na rifamaisini, ambayo ni mama wa rifampisini inayotibu kifua kikuu na ukoma.

Hata hivyo, anayetengeneza sumu sharti ajikinge nayo. Bakteria wa erithromaisini ana jeni inayobadilisha ribosomu zake ili dawa isizinase. Jeni za aina hiyo zimekwisha kuonekana pia kwa bakteria wanaowaletea watu maradhi. Usugu, basi, haukuzaliwa hospitalini. Lakini hospitali, duka la dawa na mgonjwa ndio wanaoamua kama utapata nafasi ya kuenea. Azithromaisini, ambayo ni mtoto wa erithromaisini, ikinunuliwa bila cheti kwa ajili ya mafua, haiyaponyi, kwa kuwa mafua husababishwa na virusi. Inachofanya ni kuua bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia wenye kinga uwanja.

Wapo watakaosema kwamba habari za vimeng'enya ni za maabara, na kwamba mgonjwa anahitaji dozi tu. Hoja hiyo inaidharau akili ya mgonjwa. Asiyeelewa huacha dawa pale anapojiona mzima. Ivamektini huua minyoo wachanga walio katika damu, ilhali minyoo wakubwa huweza kuishi kwa miaka. Ndiyo sababu kidonge hurudiwa kila mwaka, na humezwa hata na asiye na uvimbe ili mbu wasipate cha kusambaza. Rifampisini nayo kwa kawaida humezwa miezi sita, hata kama kikohozi kimetulia mapema.

Kwa hiyo, mafunzo ya wagawadawa na ya wauzaji wa maduka ya dawa muhimu yatenge muda wa kufundisha asili ya dawa kwa maneno ya kawaida. Mgonjwa naye aulize, na asinunue antibiotiki kwa kukisia. Tope la mikoko, kama lile la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ni makazi ya bakteria wa namna hii. Linastahili kuhifadhiwa na kuchunguzwa na watafiti wa nchi hii. Kazi iliyoanza kabla binadamu hajawapo duniani haifai kuharibiwa na dozi zilizokatishwa katikati.